Njaa ya Umeme: Historia ya Hedifoni Ngumu na Amplifaya za Bei Nafuu

Mwanafunzi akibahatika kupata hedifoni nzuri iliyotumika, mara nyingi hupata na mshangao. Anaichomeka kwenye simu, anapandisha sauti hadi mwisho, na bado anasikia muziki kana kwamba unapigwa nyumba ya tatu. Akiuliza wajuzi anaambiwa: hedifoni hiyo ni ngumu, nunua amplifaya. Akiuliza bei anajibiwa kwa tarakimu ambazo ni karo ya muhula mzima.

Insha hii inauliza maswali mawili ya kihistoria. Kwanza, kwa nini zipo hedifoni zinazodai umeme mwingi ilhali nyingine zinatosheka na simu ya mkononi? Pili, ilikuwaje amplifaya inayoweza kuzilisha, iliyokuwa chombo cha wenye nacho, ikashuka bei hadi chini ya dola 100 za Marekani? Hoja yangu ni kwamba njaa hiyo haina uhusiano wa moja kwa moja na ubora wa sauti. Ilizaliwa na mazingira ya vipindi mbalimbali, na anayevifahamu vipindi hivyo hununua kwa uangalifu zaidi. Kuhusu istilahi, najua vitabu vyetu husema "vipokea sauti vya masikioni", lakini nitasema hedifoni kwa sababu ndilo neno ambalo muuza duka ataelewa.

Hedifoni za mwanzo hazikuwa na amplifaya kwa kuwa amplifaya yenyewe haikuwapo. Mwaka 1910 Nathaniel Baldwin, mtu wa jimbo la Utah nchini Marekani, aliyekuwa akitengeneza vifaa vyake jikoni kwake, alilipelekea Jeshi la Majini la nchi hiyo hedifoni alizobuni. Wanamaji walizijaribu, wakaona zinazishinda walizokuwa nazo, wakaagiza nyingine. Baldwin akawajibu kwamba angeweza kuzitengeneza kwa mafungu madogo madogo tu. Jeshi kubwa namna ile likisubiri jiko la mtu mmoja!

Kilichowavutia wanamaji ni usikivu wa vifaa vile. Redio ya kioo ya zama hizo haikuwa na betri ya kukuza sauti. Umeme wote uliotikisa kiwambo cha hedifoni ulitoka angani, ukanaswa na antena, nao ulikuwa kidogo mno. Ili usipotee, mafundi waliviringisha waya mwembamba kuliko unywele mara maelfu kuzunguka sumaku. Waya mrefu na mwembamba una ukinzani mkubwa, na hedifoni za aina hiyo zilifika omu 2,000 na zaidi. Jambo hili tuliweke akilini, kwa sababu leo watu wakiona omu nyingi hudhani wameona ulafi. Wakati wa Baldwin omu nyingi zilikuwa alama ya chombo kinachokula kidogo kabisa.

Hapa inafaa kueleza mambo mawili, nami nitatumia mfano wa maji tuliofundishwa sekondari. Volteji ni shinikizo linalosukuma maji bombani, na mkondo ni wingi wa maji yanayopita. Hedifoni ya omu nyingi ni bomba jembamba: inataka shinikizo, lakini maji yanayopita ni machache. Hedifoni ya omu chache ni bomba pana: shinikizo dogo linatosha, ila tangi lazima liwe na maji ya kutosha. Nguvu, yaani wati, hupatikana kwa kuzidisha viwili hivyo. Ukinzani peke yake basi hausemi kama hedifoni ina njaa. Lazima tujue pia usikivu wake, yaani inatoa desibeli ngapi ikipewa miliwati 1.

Mabadiliko yaliletwa na valvu. Lee de Forest alibuni valvu yake ya ncha tatu mwaka 1906, na baada ya miaka kadhaa ikajulikana kuwa inaweza kukuza ishara dhaifu. Katika miaka ya 1920 redio zenye valvu na spika ziliingia majumbani, na familia ikaweza kusikiliza pamoja. Hedifoni ikabaki kwa wanajeshi, waendeshaji wa simu na mafundi wa studio. Ndipo mwaka 1937 kampuni ya Eugen Beyer ya Berlin ikatoa hedifoni iliyoitwa DT 48. Ndani yake mlikuwa na koili nyepesi iliyogandishwa kwenye kiwambo na kusogea pamoja nacho katikati ya uga wa sumaku, kama ilivyo katika spika. Sauti ya muundo huu ilikuwa safi kuliko ya hedifoni za Baldwin, lakini ulidai umeme zaidi.

Kwa maoni yangu hapa ndipo njia ilipopinda. Mbuni wa Utah alilazimika kubana kila chembe ya umeme kwa sababu hakukuwa na mahali pa kuongeza. Mbuni wa Berlin alijua kwamba mbele ya hedifoni yake patakuwa na amplifaya, basi aliweza kutoa usikivu na kununua ubora. Tangu siku hiyo hedifoni na amplifaya zimekuwa mke na mume, na ugomvi wao ndio unaotufikia madukani.

Sasa tuangalie studio za redio. Nyaya za simu zilikuwa zimezoesha mafundi kiwango cha omu 600, na studio zikakirithi. Katika studio hedifoni moja haitoshi. Mtangazaji anayo, mgeni wake anayo, fundi anayo, na zote huunganishwa sambamba kwenye tundu moja la kutolea sauti. Hedifoni tano za omu 600 zikiunganishwa hivyo huwa mzigo wa omu 120, na amplifaya ya studio huubeba bila taabu. Tano za omu 32 zingekuwa mzigo usiofika omu 7, na amplifaya ingelemewa. Kuna faida nyingine pia: koili ya waya mwembamba ni nyepesi, na kitu chepesi hufuata sauti kwa wepesi. Ndiyo sababu kampuni ya Beyerdynamic iliendelea kuuza hedifoni moja, DT 880, kwa matoleo ya omu mbalimbali likiwamo la 600.

Kwa mtu wa nyumbani hedifoni ilirudi kupitia Milwaukee. Mwaka 1958 John C. Koss, pamoja na fundi Martin Lange, walikuwa wanataka kuuza kinanda cha sahani cha kubebeka. Hedifoni waliyoambatisha nacho, SP/3, ndiyo iliyopendwa, kwa kuwa wakati huo muziki wa stirio ulikuwa mpya. Miaka 10 baadaye, mwaka 1968, kampuni ya Sennheiser ya Ujerumani ilitoa HD 414, nyepesi, iliyo wazi mgongoni, yenye sifongo za manjano na omu 2,000. Ziliuzwa kwa mamilioni.

Omu hizo 2,000 hazikumsumbua mnunuzi wa 1968, na sababu iko sebuleni kwake. Amplifaya ya kinanda ilikuwa na wati nyingi kwa ajili ya spika. Watengenezaji, wakitaka kuongeza tundu la hedifoni kwa gharama ndogo, walichukua njia ile ile ya spika wakaweka kizuizi cha omu mia kadhaa katikati. Kizuizi hicho kilizilinda hedifoni za omu chache zisiungue, na zile za omu nyingi zilipita karibu bila kukiona. Desturi hiyo iliota mizizi hata mwaka 1996 kiwango cha kimataifa cha IEC 61938 kikapendekeza omu 120 kwenye tundu la hedifoni. Kizuizi hicho kina ubaya wake. Ukinzani wa hedifoni nyingi haulingani katika sauti zote, hupanda kwenye besi kisha hushuka. Kizuizi kikiwa kikubwa, mgawanyo wa umeme hubadilika kila noti, na besi huvimba bila mwimbaji kuitaka.

Kwa upande mwingine palizaliwa jamii ya pili ya walafi, nao hawa ni walafi kweli. Mwaka 1976 Yamaha ya Japani ilitoa HP-1, iliyochorwa umbo na Mwitaliano Mario Bellini. Badala ya koili, waya ulichapwa juu ya kiwambo bapa kizima, na sumaku zikapangwa mbele na nyuma yake. Kiwambo kizima husukumwa kwa pamoja, na jambo hilo ni zuri kwa sauti. Lakini sumaku za wakati ule zilikuwa dhaifu na pengo la kuzitenga lilikuwa pana, kwa hiyo umeme mwingi ulihitajika. Hata baada ya sumaku za neodimiamu kupatikana katika miaka ya 1980, wabunifu wengine waliendelea kutoa usikivu kafara. AKG ya Austria ilitoa K1000 mwaka 1989. Hiyo iliunganishwa moja kwa moja kwenye amplifaya ya spika. Mwaka 2010 kampuni ya HiFiMAN ilitoa HE-6, yenye usikivu wa desibeli 83.5 tu kwa miliwati 1.

Katikati ya hayo yote, tarehe 1 Julai 1979, Sony ilianza kuuza Walkman nchini Japani. Kifaa hicho kiliendeshwa na betri mbili ndogo, jumla ya volti 3. Hedifoni iliyokuja nacho ilikuwa nyepesi, na tangu hapo vifaa vya mfukoni vililazimisha omu chache, kwani bomba jembamba haliwezi kulishwa kwa shinikizo la betri mbili. Ufaransa mwaka 1996 ikatunga sheria ya kuwekea vifaa vya mfukoni kikomo cha desibeli 100, na Ulaya nzima ikaja kuwa na viwango vyake. Simu ya leo ni mjukuu wa Walkman na wa sheria hizo. Nyingi hutoa volti 1 au pungufu. Ulimwengu wa sauti uligawanyika basi: upande mmoja studio na sebule, upande mwingine mfuko. Anayenunua hedifoni ya studio akaichomeka kwenye simu anaunganisha koo mbili ambazo hazijawahi kuoana.

Tupige hesabu. Sennheiser HD 600, iliyotoka mwaka 1997, ina omu 300 na usikivu wa takriban desibeli 97 kwa miliwati 1. Tuseme tunataka vilele vya muziki vifike desibeli 110, kiwango cha juu sana ambacho kinatakiwa kwa nukta chache tu za ngoma na tarumbeta. Tunahitaji miliwati 20, ambazo kwa omu 300 ni volti 2.4 hivi na miliampea 8. Mahitaji hayo ni madogo, ila volti 2.4 hazimo ndani ya simu. Sasa HE-6 yenye omu 50: kwa vilele vile vile inataka karibu miliwati 450, yaani volti 4.7 na miliampea zaidi ya 90. Hedifoni yenye omu mara sita zaidi inakula nguvu mara 20 pungufu! Wauzaji wanaosema "omu nyingi, nunua kubwa" hawajapiga hesabu hii, au wameipiga na kunyamaza.

Hesabu hiyo ilitufaa darasani kwetu. Sisi tunaosoma fasihi simulizi hurekodi wazee, kisha hunukuu neno kwa neno, na kikundi chetu kilipewa hedifoni kuukuu ya omu 600 iliyostaafishwa na kituo kimoja cha redio. Sauti za wazee zilikuwa hafifu, na neno moja likisikika vibaya methali nzima hugeuka. Baadhi ya wenzangu walitaka mchango wetu wa safari ya utafiti ununue amplifaya. Mimi nilipinga. Hedifoni ya omu 600 yenye usikivu wa kawaida hutoa zaidi ya desibeli 90 hata kwa nusu volti, na mazungumzo ya kawaida ni desibeli 60 hivi. Tatizo lilikuwa kwamba rekodi zenyewe zilichukuliwa kwa kiwango cha chini, na kuinua kiwango hicho kwa programu ya bure ya kuhariri sauti hakugharimu kitu. Tulibishana jioni mbili. Mchango ulibaki kwenye nauli, na mwenzetu mmoja hadi leo anaamini tulikuwa bahili.

Nirudi kwenye historia. Amplifaya iliyotengenezwa mahususi kwa hedifoni ilikuwa adimu madukani hadi miaka ya 1990. Tyll Hertsens alianzisha HeadRoom huko Montana, Marekani, mwaka 1992, na wateja wake walikuwa watu wa kutumia mamia ya dola au zaidi. Waliobaki walitumia mikono. Mwishoni mwa muongo huo Mmarekani Chu Moy alichapisha bure mchoro wa amplifaya ndogo yenye chipu moja na betri ya volti 9. Iliweza kuingia ndani ya kibati cha peremende, na vijana wengi duniani walijifunza kulehemu kwa mchoro huo. Kasoro yake ilikuwa katika betri: volti 9 zikigawanywa pande mbili hubaki kidogo, na chipu haikuweza kutoa mkondo mwingi. Hedifoni ya omu 300 ilifurahi kiasi, ile ya kiwambo bapa ilikaa na njaa.

Sura inayonivutia zaidi ni ya mwaka 2011. Mhandisi aliyejiita NwAvGuy, ambaye jina lake halisi halikujulikana, alikuwa akipima amplifaya za watu kwa vyombo vya maabara na kutangaza matokeo. Alidai kwamba nyingi zilizouzwa ghali zilikuwa na kasoro zinazopimika, na kwamba amplifaya isiyoongeza wala kupunguza kitu inaweza kutengenezwa kwa fedha kidogo. Walipomwambia kusema ni rahisi, alichapisha mchoro wake, akauita O2, akaruhusu yeyote autengeneze mradi asiubadilishe. O2 ilitumia chipu za kawaida za bei ndogo na betri mbili za volti 9 za kuchajiwa, kwa hiyo ilikuwa na volti 9 kila upande. Ikichomekwa kwenye umeme wa ukutani iliweza kutoa takriban volti 7 kwa hedifoni ya omu 600, na zaidi ya nusu wati kwa ile ya omu 33. Alisisitiza pia kwamba ukinzani wa tundu la amplifaya usizidi sehemu moja ya nane ya ule wa hedifoni. Kwa kanuni hiyo alikuwa anazika zile omu 120 za mwaka 1996.

Mwaka 2012 alinyamaza ghafla na hakuandika tena. Watu wamebuni hadithi nyingi juu ya kunyamaza kwake, nami naziacha. La maana kwa mwanahistoria ni kwamba alihamisha ubishi kutoka kwenye sifa za masikio ya muuzaji hadi kwenye namba ambazo mtu mwingine anaweza kuzirudia. Si kila mtu alikubali naye. Wapo wanaosema vipimo havielezi yote, na hoja yao haikosi uzito tunapozungumzia ladha. Lakini kwa mtu mwenye fedha kidogo, namba zinazorudiwa ni kinga bora kuliko sifa.

Kampuni zilifuata mkondo. JDS Labs ya Illinois iliuza O2 iliyokwisha kuundwa. Schiit ya California, iliyoanzishwa 2010 na Jason Stoddard na Mike Moffat, ilikuwa imeanza na amplifaya ya dola 249, na mwisho wa 2012 ikatoa Magni kwa dola 99, yenye wati 1.2 kwa omu 32. Mwaka 2018 JDS Labs wakajibu kwa Atom, dola 99. Mwaka uliofuata Schiit wakatoa Magni Heresy kwa bei hiyo hiyo, ikiwa na wati 2.4. Jina lenyewe, ambalo maana yake ni uzushi, ni mzaha juu ya ubishi wa vipimo: wazee wa kampuni walikuwa wamezoea kutukuza sakiti za transista mojamoja, na hii ilijengwa kwa chipu. Sababu za bei kushuka zinaonekana katika mlolongo huu. Chipu zilikuwa nzuri tayari, mashine zilipachika vipuri badala ya mikono, na mnunuzi aliagiza kutoka kiwandani bila duka katikati.

Kwetu Afrika Mashariki bei hiyo ina mkia. Amplifaya kadhaa kati ya hizi hazitumii chaja kama ya simu. Huja na transfoma ya ukutani inayotoa umeme wa mkondo geu, na ile ya soko la Marekani imetengenezwa kwa volti 120. Ukiichomeka kwenye volti 240 za Kampala au Nairobi, inaungua kabla hujasikia wimbo wa kwanza, na chaja ya kompyuta haiwezi kuwekwa badala yake. Anayeagiza aombe transfoma ya volti 230, na ahesabu usafiri na ushuru kabla ya kusema kitu ni dola 99. Katika maeneo ambako umeme hukatika, O2 kuukuu yenye betri ina faida ambayo Heresy yenye wati nyingi haina.

Nikiulizwa leo, ningemwambia mwenzangu aanze na karatasi ya hedifoni: omu ngapi, desibeli ngapi kwa miliwati, kisha apige hesabu kama ya HD 600 hapo juu. Ikitoka chini ya volti 1, asinunue chochote. Ikitoka volti 2 au 3 kwa miliampea chache, amplifaya yoyote kati ya nilizotaja inatosha kabisa, na iliyotumika itafaa kama mpya. Ikiwa ana kitu cha aina ya HE-6, hapo wati zina maana. Na akishazipata, akumbuke kwamba kile kikomo cha Ufaransa hakimlindi tena. Shirika la Afya Duniani linashauri wastani wa desibeli 80 kwa saa 40 kwa juma, na kila desibeli 3 zinazoongezwa hupunguza saa hizo kwa nusu. Kwa desibeli 92, ambazo Heresy huzifikia kitufe kikiwa hakijafika hata robo, zinabaki saa mbili na nusu kwa juma zima.